Punda wa Jumamosi Mbili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijisifu, maana hapo hakuna cha kujisifia. Wengine wamezaliwa na miguu ya safari, mimi nilizaliwa na makalio ya kukaa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, kwenye nyumba ya baba, nikaweka mashine ya kufumia masweta ya shule karibu na dirisha, na tangu siku hiyo anayenitaka ananikuta. Kwenda Bunda kumwona dada yangu ni jambo ninaloliwaza wiki nzima. Butiama kwa baba mdogo nimefika mara chache, na kila nikirudi nilikuwa nimechoka kama mimi ndiye niliyelibeba gari.

Ndiyo sababu Torati imenisumbua sana. Ukiisoma kwa utaratibu, fungu baada ya fungu, utaona kila mtu humo anaambiwa aondoke. Ibrahimu aondoke kwao. Hajiri aondoke. Yusufu aondoke kwa kuuzwa. Halafu taifa zima linaondoka na mbuzi wake, linazunguka jangwani, na mpaka unafunga kitabu cha mwisho bado hawajavuka mto. Nilishamwambia baba mdogo kwamba wa kwetu humo ndani ni mmoja tu, Yakobo wakati wa ujana wake, yule aliyependa kukaa hemani akipika dengu wakati kaka yake yuko porini.

Baba mdogo akanijibu, "Na huyo naye si alitimuliwa?"

Nikasema, "Alitimuliwa baada ya kula. Mimi bado napika."

Tulikuwa tunataniana hivyo wakati neno kutimuliwa lilikuwa halijawa na uzito. Lilikuja kuwa nao.

Nieleze kwanza tulivyo, maana watu huwa wanadhani ninawadanganya. Baba alikuwa muumini wa kanisa linaloshika Jumamosi. Mwaka mmoja akasimama nyumbani akatuambia kwamba ikiwa tumewafuata Wayahudi kwenye siku, haoni kwa nini tuwaache kwenye mambo mengine. Akaanza kusoma, akaanza kuandikiana na watu wa Uganda walioko kwenye imani hiyo, akaacha kambare na kamongo kwa sababu hawana magamba ya kuonekana, na sisi tukaachishwa naye. Mdogo wake akamfuata, akaja na mkewe. Bibi jirani akajiunga kwa sababu alikuwa hapendi kukaa peke yake Jumamosi. Dada yangu alipoolewa Bunda alimgeuza shemeji. Ipo na familia moja ya wavuvi wa Murangi, hao wanakuja ziwa likitulia. Ukituweka wote pamoja hatufikishi wanaume kumi wanaotakiwa kwa ibada kamili, kwa hiyo zipo sala ambazo tunaziruka, tunaziangalia tu kwa mbali. Mtaani tunaitwa Wayahudi wa Buhare, kama timu ya mpira iliyoshuka daraja. Mzee Mwislamu anayeniuzia nyuzi mjini ananiambiaga, "Wewe na mimi mama, nguruwe ametukosa wote," kisha ananipimia nyuzi bila kunipunja kwenye mizani. Hiyo kwangu ni dini tosha.

Kilichonivuta mimi si magamba. Ni fungu la wiki. Torati imekatwa mafungu, kila Sabato fungu lake, na mwaka ukiisha unaanza upya. Baba alinieleza kwamba fungu tunalolisoma Buhare ndilo linalosomwa siku ileile kila mahali penye Wayahudi. Nikaona hapo kuna akili. Mtu anakuwa pamoja na dunia yote bila kupanda gari.

Basi kila Ijumaa, jua likiwa bado juu ya ziwa, baba mdogo na mama mdogo wanawasili kutoka Butiama, maana Sabato ikishaingia hakuna safari. Wanalala kwangu mpaka Jumamosi usiku. Mimi kazi yangu ni kande. Naiweka jikoni Ijumaa mchana, mahindi na maharage na kipande cha nyama, ikikaribia kuiva naifunika, nafukia makaa kwa majivu na siigusi tena, kwa sababu moto hauwashwi siku hiyo wala hauchochewi. Inajipikia yenyewe usiku kucha. Jumamosi adhuhuri ukifunua sufuria, hata mtu asiyeamini anaanza kuamini. Baba mdogo amewahi kusema kwamba Israeli wangepewa kande ile jangwani, malalamiko yangepungua nusu.

Na tuna desturi yetu, sijui kama iko mahali pengine. Aliianzisha baba tulipokuwa wadogo, kwa sababu tulikuwa tunasinzia. Fungu tunalisoma kwa sauti za watu. Mmoja anakuwa Musa, mwingine Farao, mwingine Miriamu. Fungu likiisha, mwenye zamu ya kufundisha ana ruhusa ya kumuuliza mtu yeyote wa ndani ya habari, na yule aliyeichukua sauti hiyo lazima ajibu. Lakini hajibu ya kwake, anajibu ya kwenye fungu. Baba alikuwa mkali hapo. Alisema, "Ukishavaa koti la mtu, mfukoni usitoe vitu vyako."

Baba mdogo huwa anachukua sauti kubwa. Amekuwa Farao, amekuwa Musa, na watu wakichelewa kujitokeza huwa anakuwa Mungu. Bibi jirani siku zote anachukua umati wa wana wa Israeli wakinung'unika. Hakuna anayemfikia. Hana haja hata ya kutazama kitabu.

Baba alipofariki, hakuna aliyesema nyumba ni ya nani. Alikuwa hana mtoto wa kiume. Tulikuwa wasichana wawili, dada yangu yuko kwa mumewe Bunda, mimi niko kwenye mashine yangu. Kwa desturi ya kwetu, nyumba ya mtu asiye na mwana inarudi kwa ukoo, na binti anayekaa humo ni mgeni ambaye hajaambiwa. Mimi sikuambiwa kwa muda mrefu mpaka nikasahau kwamba kuna la kuambiwa. Halafu mtoto wa kwanza wa baba mdogo akaja siku moja, akasimama nyuma ya nyumba kwenye yale mawe makubwa, akatazama ziwa, akapima kiwanja kwa hatua zake. Akaniambia, "Dada, hapa pakijengwa nyumba ya wageni, watu watakuja mpaka kutoka Mwanza."

Nikamuuliza, "Na mimi nitakuwa mgeni wa chumba gani?"

Akacheka, akaendelea kupima. Wiki ileile tukasikia wazee wa ukoo wamepanga kikao, kitafanyika Jumapili, hapohapo nyumbani, kuhusu mali ya marehemu. Mwenye kauli alikuwa baba mdogo. Wazee wale wengine wangefuata mdomo wake.

Nikahesabu mafungu. Mtu mwingine angekwenda kwa mwanasheria, mimi nilihesabu mafungu. Na nilipofika kwenye Sabato inayotangulia ile Jumapili nikakuta nini? Fungu la Finehasi. Ndani yake wako mabinti wa Selofehadi, wasichana watano ambao baba yao alikufa jangwani bila mwana. Wakasimama mbele ya Musa na wazee wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu hiyo tu. Musa hakuwa na jibu. Akaenda kuuliza juu, na juu akaambiwa wasichana wamesema sawa, wapewe.

Tena zamu ya kufundisha siku hiyo ilikuwa yangu. Na baba mdogo, kama kawaida yake, angekuwa Musa.

Nilicheka peke yangu mpaka nikaachia mishono kwenye sweta. Mtoto fulani wa darasa la pili mjini Musoma anatembea leo na kasoro kwenye mkono wa kushoto kwa ajili ya mabinti wa Selofehadi.

Baba mdogo si mtu wa kushikwa kirahisi, ndivyo nilivyosahau. Jumamosi iliyotangulia tulisoma Balaki, lile fungu la mfalme anayemkodi nabii Balaamu aende kuwalaani Israeli. Nabii anapanda punda wake, malaika anasimama njiani na upanga, punda anamwona, nabii hamwoni. Punda anakwepa, anapigwa. Anambana mguu ukutani, anapigwa. Analala chini, anapigwa tena, mpaka anafunuliwa kinywa na kuanza kuuliza maswali. Baba mdogo alikuwa nabii, mama mdogo akawa punda, akasoma kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba chumvi. Baba mdogo ndiye aliyefundisha. Alitufundisha juu ya utii wa wanyama. Anafuga punda wa kubebea madumu ya maji kule Butiama, kwa hiyo alizungumza kwa uchungu.

Tulipomaliza kande akajifuta mikono akasema, "Kuna jambo la kalenda."

Bibi jirani akasema, "Mungu wangu," kwa sababu anafahamu sauti hiyo.

"Tumekuwa tunakosea," baba mdogo akaendelea. "Tangu Pasaka. Walioko kwenye Nchi yenyewe, kule Israeli, sikukuu yao ina siku saba. Sisi wa nje tuna siku nane. Mwaka huu ile ya nane iliangukia Sabato. Wao wakaendelea na fungu, sisi wa nje tulitakiwa kusoma ya sikukuu. Kwa hiyo tumewatangulia wenzetu wa nje kwa wiki nzima."

Nikamuuliza, "Sasa tufanyeje, baba?"

"Tunasimama. Sabato ijayo tunarudia Balaki, dunia itufikie."

"Na Finehasi?"

"Finehasi haendi popote. Atasomwa Sabato inayofuata."

Inayofuata, yaani baada ya kikao. Nikamtazama. Akawa anachunguza kijiko. Mama mdogo akamtazama yeye, halafu akanitazama mimi, halafu akaanza kukusanya vyombo kwa kelele kubwa kuliko vyombo vyenyewe.

Bibi jirani ndiye aliyesema. "Tangu Pasaka unakosea na hujasema. Leo ndio kalenda imekuuma?"

"Nimejua juzi," baba mdogo akasema. "Nilimuuliza mwalimu wa Uganda."

"Ulimuuliza kwa nini juzi?"

"Bibi, mtu akiuliza swali, tena anaulizwa kwa nini ameuliza?"

"Kwetu, ndiyo," bibi akasema. "Si ndiyo dini yenyewe."

Usiku wa Jumamosi, Sabato ilipotoka, nikampigia dada. Mafungu yote tulikuwa tunaletewa na shemeji. Yeye ni fundi wa simu pale Bunda, na kwenye simu yake ana programu inayomwambia fungu la wiki na saa ya kuwasha mishumaa ya Sabato, anatutumia kila Jumatano. Dada akawaka. Alisema simu haiwezi kukosea, baba mdogo ndiye anayekosea, tena kwa makusudi, na kwamba niende Bunda nikaione kwa macho yangu, nimpelekee ushahidi.

"Si unipigie picha tu," nikasema.

"Unataka nyumba au hutaki?"

"Naitaka sana. Ndiyo maana sitaki kutoka ndani yake."

"Njoo," akasema, akakata.

Nikaenda. Naomba hilo likumbukwe siku ya mwisho. Siku ya katikati ya wiki, nikiwa na masweta ya kumalizia, nilifunga mlango na kwenda Bunda. Shemeji akaniweka kwenye benchi la wateja wake katikati ya simu zilizopasuka vioo, akanifungulia ile programu. Fungu la Sabato inayokuja: Finehasi. Nikaona jina la Selofehadi kwa macho yangu. Nikajisikia kama wakili.

"Shemeji," nikasema, "hii saa ya mishumaa mbona kama ya usiku?"

"Hiyo ndiyo saa," akasema. "Hata sisi inatupa shida. Jua linazama, kuku wanalala, watoto wanasinzia, sisi tumeshika kiberiti tunangoja simu iseme Sabato imeingia. Dada yako ananiambiaga nje giza. Namwambia subiri."

Nikaichukua simu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, jiografia nilipata alama ya kuaibisha, lakini najua jua la Bunda haliombi ruhusa. Nikabonyeza juu kabisa, kwenye mahali. Pameandikwa Yerusalemu.

"Shemeji, umeiweka Yerusalemu."

"Sasa niiweke wapi?"

"Bunda."

Alinitazama kwa huruma. "Shemeji yangu, mtu anaulizwa achague mji wake. Wayahudi wote duniani wanaomba wafike Yerusalemu. Mimi nimepewa nafasi ya kuiandika, niandike Bunda?"

Nikamrudishia simu yake. Lakini nilielewa kilichonipata. Simu ilikuwa inatutumia mafungu ya walioko kwenye Nchi. Baba mdogo alikuwa na nia mbaya na kalenda nzuri. Nilikuwa nimesafiri njia yote kwenda kumtafutia ushahidi, na ushahidi niliupata, ila ulikuwa wa upande wake.

Dada alikuja na chai, nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi kwenye benchi la wateja. "Kwa hiyo huyo mzee hakudanganya."

"Hakudanganya. Ameutumia ukweli kama fimbo."

"Sasa Jumamosi utafundisha nini?"

"Punda. Nimebakiwa na punda."

Akaninywea chai yangu kidogo, tabia yake tangu utoto, akasema, "Si ndiyo wewe. Umembeba baba mpaka kaburini, unambeba baba mdogo kila Ijumaa, na fimbo ndiyo hiyo inakuja. Wala hutahitaji kuigiza."

Alisema kwa kunitania. Lakini nilirudi Musoma siku hiyohiyo nikichezesha midomo njia nzima, na mtu aliyekaa pembeni yangu akadhani naumwa, akanipa kiti cha dirishani. Nilikuwa nasoma Balaki upya kichwani, taratibu, kuanzia punda mpaka mwisho. Wiki iliyopita tulikomea kwenye utii wa wanyama, hakuna aliyeuliza nabii alifika na kusema nini.

Jumamosi ikafika. Walikuwepo baba mdogo na mama mdogo, bibi jirani, na ile familia ya Murangi, kwa bahati ziwa lilikuwa limetulia. Tena na yule mtoto wa baba mdogo alikuwepo, amekuja mapema kwa ajili ya kikao cha kesho. Amevaa viatu vya kung'aa, na vile hasomi na sisi, alikaa karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Tukagawana sauti. Baba mdogo akasema, "Mimi nitabaki na nabii, kama wiki jana."

"Kaa naye," nikasema.

Mama mdogo akanisukumia kitabu. "Punda nampa mwenye zamu," akasema. "Mimi nimepigwa vya kutosha wiki jana." Hakunitazama wakati anasema.

Tukasoma. Nilipofika kwenye maneno ya punda sikupandisha sauti, niliyasoma kama mtu anayeulizia mahali pa kuweka mzigo. Fungu likaisha. Nikafunga kitabu, nikasema kwamba mafundisho yangu ya leo ni maswali tu, na maswali yote yanakwenda kwa nabii.

Baba mdogo akajiweka sawa. Anapenda kuulizwa.

"Nabii," nikasema, "huyu punda umekuwa naye tangu lini?"

"Tangu zamani. Mpaka siku ile."

"Amewahi kukufanyia hivi kabla?"

Fungu linatoa jibu moja tu hapo, ni neno moja. Akalisema. "Hapana."

"Amewahi kukuangusha njiani? Ijumaa jua linazama, umekuta amefunga mlango?"

Baba mdogo akakohoa. "Hilo la mlango halimo."

"Sawa. Basi nijibu la kwenye fungu. Amewahi?"

"Hapana."

Bibi jirani akaguna ule mguno wake wa umati wa Israeli, ingawa kwenye fungu hilo hana sehemu.

"Nabii, siku ile ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Niliitwa."

"Na nani?"

"Na mfalme Balaki."

"Akupe nini?"

"Aliahidi heshima."

"Ili ufanye nini?"

"Nilaani watu."

"Watu hao walikuwa wamekukosea nini?"

Akafungua kitabu, akatafuta. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Mvuvi wa Murangi akainama kumsaidia, naye hakuona. "Hawakunikosea," akasema mwishowe. "Walikuwa wamekaa tu."

"Wamekaa wapi?"

"Mahemani mwao."

Mwanawe kule mlangoni akatoa simu akaanza kuiangalia, kisha akakumbuka ni Sabato ya baba yake, akairudisha mfukoni.

"Swali la mwisho, nabii, kande isije ikakauka. Ulipofika pale juu, ukayaona hayo mahema, ukafungua kinywa kuyalaani. Ulisema nini?"

Hapo ndipo alipoelewa. Nilimwona. Kila Sabato tukiingia kuomba tunayasema maneno hayo, baba alitufundisha, ndiyo ya kwanza kabisa, na kila Sabato baba mdogo ndiye anayeyaanza. Hatukuwa tumewahi kujali kwamba yalitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekodiwa kuja kulaani. Akatazama mlangoni kwa mwanawe. Mama mdogo akasema kwa upole, "Jibu baba, umevaa koti la mtu."

"Nikasema ni mazuri," baba mdogo akasema. "Mahema ya Yakobo."

"Yakobo yupi? Yule wa dengu?"

"Huyohuyo."

"Asante, nabii," nikasema. "Twendeni tukale."

Mama mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa mkono mdomoni, halafu bila mkono. Bibi jirani akamwuliza mvuvi wa Murangi kama huko kwao wana punda, mvuvi akasema wana mitumbwi tu, na yenyewe haijawahi kuuliza kitu, labda kwa bahati nzuri. Baba mdogo alikula kande sahani mbili bila kusema neno, jambo ambalo hajawahi kulifanya, yaani la kunyamaza, si la sahani mbili. Alipomaliza akaniambia, "Wiki jana nilifundisha vibaya."

"Ulifundisha utii wa wanyama, baba."

"Ndiyo. Vibaya."

Sikulala vizuri, sitasema uongo. Mafundisho ni mafundisho, ukoo ni ukoo. Na mfalme Balaki, kama ulisoma vizuri, hakukata tamaa mara ya kwanza. Alimhamisha nabii kutoka kilima kimoja mpaka kingine, akitumaini kwamba kwa upande ule laana itatoka.

Jumapili wazee wakaja, Wakristo wote, watu wazuri, wakakaa kwenye viti nilivyoazima. Niliwapa sato na ugali, kwa sababu mtu akitaka kukufukuza ni vizuri aonje mchuzi wako kwanza. Wakaomba, wakamsifu marehemu, wakageuka kwa baba mdogo.

Akasimama. Alikuwa amevaa koti la baba, nililompa mimi baada ya msiba, nadhani hakulichagua kwa makusudi. Akasema, "Nyumba hii ibaki kwa wasichana."

Mwanawe akasema, "Baba, sivyo tulivyoongea Butiama."

"Butiama nilikuwa sijaulizwa na punda."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu, "Punda gani?"

"Huyo hapo," mama mdogo akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Nikainamisha kichwa kuwaamkia wazee. "Shikamooni," nikasema. Sikuona la kuongeza.

Baba mdogo hakuwa amemaliza, maana si mtu wa kutoa bila kufunga kamba. Akasema kuna masharti. Nyumba isiuzwe kwa mtu wa nje ya ukoo. Jina la kaka yake libaki. Na Sabato ishikwe humo kila wiki, wao wa Butiama wapokelewe, na kande iwepo.

Mzee yule wa adabu akaniuliza kama nayakubali masharti hayo.

Nilijifanya kufikiri. Nilitazama dari, nikatazama mashine yangu, nikaugusa ukuta. Mtu aliyehukumiwa kukaa nyumbani maisha yake yote lazima aonyeshe huzuni kidogo. Nikasema, "Kama wazee mmeamua, mimi nitafanyaje."

Mwanawe alinuna mpaka jioni. Lakini nilimfungia samaki wa njiani, na sasa anatafuta kiwanja kule Murangi. Anasema huko ziwa liko karibu zaidi, tena watu hawana maswali.

Sabato iliyofuata tukasoma Finehasi, kwa kalenda ya kweli, pamoja na wote tulio nje ya Nchi. Mabinti watano wa Selofehadi tuligawana mimi na mama mdogo na bibi jirani na wake wa wavuvi. Bibi akasema hana umri wa ubinti ila atajaribu. Baba mdogo hakuwa Musa safari hiyo. Alisema Musa hakuwa na jibu, apewe mvuvi, yeye atachukua ile sauti ya juu inayosema wasichana wamesema sawa. Hakuna aliyempinga. Aliisoma haraka haraka, macho kwenye kitabu, kisha akauliza kama kande imeiva.

Usiku dada akapiga simu. Kule Bunda walikuwa wameshawapita mabinti wa Selofehadi wiki nzima, na shemeji amekataa katakata kutoka Yerusalemu. Anasema mtu haachi mji ule kwa sababu ya kiberiti. Dada akaniuliza lini nitakwenda tusherehekee.

Nikamwambia waje wao, kande ipo. Ila wakija Ijumaa wasiifuate ile simu, maana huku kwetu jua linazama mapema, na mlango wangu naufunga likizama.